Barua ya malalamiko: mulinificha kama pompu ya mafuta ya moto yangu mulishaitoa

Bukavu, tarehe 11/06/2024

Kwa Papa Direktere wa kampuni inayouzisha moto za okazio (pikipiki zilizokwisha kutumika)

Juu ya: moto ya Yamaha AG 100 nyekundu niliyonunua kwenu tarehe 4/5, moteri imekufa kisha siku 14

Papa Direktere,

Jambo sana. Mimi njo ule mwalimu alikuja kwenu Jumamosi tarehe 4 mwezi wa tano pamoja na mdogo wake, tulibaki mu parsele yenu tangu saa tatu ya asubuhi mpaka saa saba juu sikupenda kununua mbio mbio, pengine munanikumbuka juu ya maulizo yangu mingi. Nililipa dola 950 kesh palepale, kopi ya fakitire iko pamoja na hii barua. Nimeshakuja kwenu mara mbili na nimepiga simu mpaka nimechoka, sasa naandika, juu maneno ya mdomo kila mara munaibadilisha.

Mbele ya yote nataka mujue ile franga ilitoka wapi. Dola 600 ni zamu yangu ya likelemba, tuko watu 12 ku masomo, kila mtu dola 50 kila mwezi, na mimi njo nilikuwa wa mwisho ku liste, nikangojea mwaka muzima. Zile 350 zingine ni mbuzi mbili za mama na kozi za jioni, nilikuwa nafundisha watoto wa jirani hesabu mbele ya ekzame ya Leta. Hakuna hata dola moja ilitoka fasi nyepesi. Moto mpya singeiweza hata nikifanya likelemba mbili, njo maana nilikuja kutafuta okazio.

Na sikutafuta moto ya kubeba bakiliya ku rond-point. Nilitafuta moto ya kupanda nayo milima, zile njia ndogo za Kabare na Walungu fasi gari haifikake, niende kusalimia wazazi siku ya Jumamosi, na naisema wazi, nitembee tu, juu tangu niko mtoto napenda ile kitu, kupanda polepole kati ya migomba mpaka unageuka unaona ziwa lote liko chini yako. Kwa ile kazi na kwa ile bajeti, AG 100 ya Yamaha njo moto nilikuwa natafuta. Waliitengeneza kwa watu wa mashamba, njo maana ya zile herufi AG, shene yake iko mu boksi yake imefungwa matope haiikule, vitesi ya kwanza ni ya nguvu, na huku kwetu kila fundi anaijua juu ma-ONG na watu wa santé walizitumia miaka na miaka. Kama imetunzwa, ni moto ya kuzeeka nayo.

Siku ile niliichunguza vile ninavyojua. Nilitikisa gurudumu ya mbele na ya nyuma, rulema zilikuwa nzuri. Nililala chini kutafuta fasi kadre ilichomelewa, hakukuwa. Nilisukuma kiki na mkono, si na mguu, ili nisikie kompresio, ikanirudishia mkono vizuri sana. Nilitoa buji, ilikuwa ya rangi ya kahawia, safi. Kompteri ilionyesha kilometa 23 400, ile sikuiamini sana juu kompteri ya okazio kabli yake inatolewaka tu hivi, nikaangalia mpira ya fasi ya kuweka miguu imelika namna gani, nikasema sawa, imetembea lakini haijachoka.

Kisha nikauliza ulizo moja, na hii njo barua yote Papa Direktere, naomba uisome mara mbili. Nilimuuliza kijana wenu wa kuuzisha, mdogo wangu anasikia, na mama mmoja alikuja kununua moto ya bwana yake anasikia: "Hii ni ya melanji ao iko na pompu?" Ni kusema, mafuta ya kulainisha moteri, ile 2T, naichanganya mimi mwenyewe na esansi mu tanki, ao pompu njo inaipeleka. Akanijibu: "Mwalimu, hii iko na pompu yake, wewe mafuta ya 2T utie mu rezervwari ya pembeni, mu tanki utie esansi tupu." Sikuotea, sikusoma fasi, niliuliza na kinywa changu na nikajibiwa na mtu wa kampuni yenu.

Ile magharibi nikanunua chupa ya lita moja ya 2T, nikatia mu rezervwari. Mu tanki mulikuwa esansi ninyi wenyewe mulitia, kijana aliimwanga kutoka mu bidoni ya buluu iliyokuwa nyuma ya mlango. Na ile esansi nilienda nayo Kavumu na kurudi Jumamosi ya tarehe 11, moto inatembea kama saa. Nikawapigia hata simu kuwashukuru, mutakumbuka.

Tarehe 18 nikapita ku stasio, nikatia lita 6 ya esansi tupu kama nilivyoambiwa, nikafungua rezervwari ya mafuta nikakuta bado imejaa, nikafurahi, nikasema hii moto haikule mafuta. Nyuma nilibeba mtoto wa dada yangu, ana miaka 11, amekumbatia mufuko wa sukari na sabuni ya bibi yake. Kisha Nyangezi tukaanza kupanda, niko mu vitesi ya pili, nikasikia moteri inaanza kulia sauti nyembamba kama mtu anakwaruza sahani na kisu, nguvu ikashuka, nikafunga gazi, na mbele nishike embreyaji gurudumu ya nyuma ikafunga kabisa. Usiku mvua ilinyesha, njia yote matope. Moto ikaenda bega, tukaanguka upande wa mlima, na namshukuru Mungu juu upande mwengine ni bonde, na nyuma yetu kulikuwa Fuso imebeba mihogo, shofere akafunga freni mpaka nikaona pine zake ziko karibu kabisa na mguu wangu. Mtoto alitoka damu ku kiwiko. Sukari yote ilimwangika mu matope, na yeye alikuwa analia sukari ya bibi, damu hata hakuiangalia. Ile kitu haijanitoka mu kichwa mpaka leo.

Nililipa pikapu dola 25 iturudishe mu mji.

Siku ya Jumatatu fundi wangu, mzee mmoja wa Kadutu ametengeneza zile AG kwa miaka mingi, akafungua moteri mbele yangu. Pistoni ilikuwa na mikwaruzo mirefu kutoka juu mpaka chini upande wa ekzosi, aliminyumu imeyeyuka na kushikana ku ukuta wa silindri, segma moja (ile pete ya pistoni) imenatana mu fasi yake haitembei tena. Akapitisha kidole mu silindri akanionyesha, kidole kavu. Akasema: "Mwalimu, humu hamukuingia mafuta." Nikamuambia haiwezekane baba, nilitia mimi mwenyewe. Tukafungua rezervwari. Ile chupa yangu ya lita moja ilikuwa pale pale, yote, haikupunguka hata kidole.

Halafu akatoa kifuniko ya pembeni ya moteri. Fasi ya pompu hakukuwa pompu. Kulikuwa kipande ya aliminyumu kubwa kama biskuti, visi mbili, na jwe yake, ile karatasi ya kuziba mafuta isivuje, ilikatwa mu karatoni ya sabuni, maandishi yangali yanasomeka. Tuyo ya mafuta ilizibwa na visi. Ile kabli ya pili, ile inatokaka ku gazi kwenda kuamuru pompu, ilikunjwa na kufungwa na skochi nyeusi chini ya tanki, huwezi kuiona kama hutoe tanki. Picha zote niko nazo, nimetuma ku WhatsApp ya kampuni tarehe 20, munaziona zimesomwa.

Naomba nieleze hii polepole, juu pengine haikukufikia Papa Direktere. Moteri ya 2T haina mafuta chini mu karter ya kulainisha pistoni kama zile moto za motari. Mafuta yake inaingia pamoja na esansi, ao pompu inaileta kidogo kidogo kufuata gazi, ao wewe mwenye unaichanganya mu tanki, nusu lita kwa lita 20, melanji. Moja ao ingine. Bila hiyo, pistoni inasugua chuma kwa chuma, inapata joto, inavimba, inakamata. Mlima wala dereva hana kosa, ni hesabu tu.

Na sikukataa kama mutu alitoa pompu. Wengi wanaitoa, pompu ikizeeka wanaona afazali melanji, na melanji ni kazi nzuri kabisa kama unajua. Kitu inaniumiza ni kama mulijua. Ile esansi ya bidoni ya buluu ilikuwa melanji, hakuna namna ingine moteri ilitembea kilometa zaidi ya 70 vizuri kisha ikafa ku esansi yangu ya kwanza. Mutu alichanganya ile bidoni juu alijua ile moto bila melanji inakufa. Kisha yeye ao mwenzake akasimama mbele yangu akaniambia nitie esansi tupu. Neno moja tu, "ya melanji", nakwenda ku stasio nachanganya, na leo niko natembea.

Sasa majibu niliyopewa. Tarehe 20 muliniambia milima ya huku iko juu sana, hewa ni kidogo, moto inachoka. Bukavu iko karibu metre 1 500, ni kweli hewa inapunguka, lakini hewa ikipunguka karbirateri inapitisha esansi inayozidi kipimo ya ile hewa, moteri inakuwa nzito na inatoa moshi, haikaukake. Na ile moto ilitumika huku huku miaka yote. Tarehe 27 ikawa nilibeba watu wawili. Mtoto wa miaka 11! Juzi ku simu ikawa garanti haishike moteri juu "kiliya hakutia mafuta". Papa Direktere, mafuta nilitia, ingali mu rezervwari, fundi hakuimwanga, muje muione. Ku fakitire mumeandika garanti ya mwezi mmoja, na hamukuandika fasi yoyote kama moteri haimo, na siku 14 si mwezi.

Kuna tena habari ya karti roze, ile karatasi ya kuandikisha moto, mulisema wiki mbili, tunakwenda ku ya sita. Polisi wa rulaji walishanisimamisha tarehe 11 nikiwa na fakitire tu mu mkono. Ile sitaki kuirefusha, mulete tu karti.

Nakuja ku kitu naomba. Fundi amenipa hesabu: pistoni na segma zake dola 65, kupanuisha silindri ku 0,50 dola 30, pompu ya okazio yenye inafanya kazi pamoja na kabli dola 90, kazi ya mikono dola 40, na ile pikapu 25. Yote ni dola 250. Nataka kampuni ilipe hizo 250, ao itengeneze moto yenyewe mu garaji yake lakini fundi wangu akiwa pale na pompu irudi fasi yake, juu njo moto niliuziwa, moto ya pompu. Kama hamutaki ile, muchukue moto yenu munirudishie 950 yangu. Kuniambia nichukue ingine mu parsele na kuongeza dola 200, kama kijana wenu alivyosema ku simu, hapana. Sina tena mbuzi ya kuuzisha.

Nangojea jibu ya kuandika mpaka tarehe 25 ya huu mwezi. Kama haitoki, nitapeleka hii barua na picha ku biro ya ekonomi ya provensi na ku tribinali, mdogo wangu yuko tayari kusema kile alisikia, na ule mama pia amekubali, tulimtafuta tukamupata.

Kitu ya mwisho, na hii sio kwa ajili yangu. Tarehe 27 nikiwa nangojea kwenu, niliinama kuangalia ile AG ya buluu iko karibu na geti, ile mumeandika dola 1 000. Chini ya tanki iko na kabli imefungwa na skochi nyeusi, sawa na yangu. Sikufungua kifuniko juu si moto yangu, lakini naomba muifungue ninyi leo. Kama pompu haimo, muandike MELANJI na rangi juu ya tanki, kubwa, mbele mtu aipande na mtoto nyuma.

Mwalimu, kiliya wenu wa tarehe 4/5, AG 100 nyekundu