Barua ya wazi kwa vijana wa steji mnaosimama mawakala wa kura

Wanangu wa steji ya boda hapa Tororo, Uganda, hamjambo.

Mimi ni yule mzee wa karibu na reli mnayemwita Karani. Wengine wenu niliwabeba mgongoni mkiwa wadogo, na leo mnanibeba kwa boda hadi hospitali na kukataa nauli yangu. Kwa hiyo nikifoka humu, anayefoka ni baba yenu.

Tangu uchaguzi uliopita hapo steji nasikia neno moja tu: kura zetu zimeibwa. Juzi nilikuja kutafuta usafiri nikawakuta mmekaribia kupigana kwa ajili ya hesabu ya kituo chetu. Nikauliza swali moja: nakala ya fomu ya matokeo iko wapi? Kimya. Mwenzenu aliyekuwa wakala wa mgombea hapo kituoni akainama, akaanza kufuta kioo cha pikipiki ambacho hakikuwa na vumbi hata kidogo.

Mimi nilimwona siku ile. Nilikwenda kupiga kura saa saba mchana, jua kali, mstari umefika hadi getini. Yeye alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya mwembe, sahani ya posho na maharage kando yake, karatasi tatu gotini. Akasaini ya kwanza. Akasaini ya pili. Mchuzi ukadondoka kwenye kona ya ile ya tatu, akaufuta kwa kidole, akasaini. Mahali pa kuandika hesabu palikuwa patupu. Watu walikuwa bado wanapiga kura! Nikamwita kwa jina, akanijibu kwa adabu kabisa, "Mzee, ni kurahisisha kazi ya jioni." Nani alimpa zile karatasi, na nani alilipia chakula, sitasema hapa. Saa kumi kituo kilipofungwa na sanduku likafunguliwa, nafasi yake kwenye benchi ilikuwa tupu. Alikuwa amerudi steji kutafuta abiria.

Nilifanya kazi ya karani wa mizigo. Behewa likiingia na saruji, unahesabu mifuko mmoja mmoja, ndipo unasaini hati. Nikiwa mgeni kazini, siku moja mvua ilikuwa inanyesha, nikasaini nikiwa nimesimama mlangoni, sijahesabu. Mifuko 12 haikuwemo. Sikuweza kumlaumu dereva wala mpakiaji, kwa sababu hati ilisema mifuko yote imefika, na chini yake kulikuwa na jina langu. Nililipa kwa mshahara wangu miezi mitatu, na mama yenu alikuwa na mtoto mchanga. Tangu siku hiyo sijawahi kusaini kitu ambacho sijakihesabu. Saini yako ni wewe mwenyewe. Ukiiweka kwenye karatasi tupu, yeyote atakayeijaza baadaye amejaza kwa kinywa chako.

Na mjue, karatasi hiyo mnayoiita DR, yaani fomu ya tamko la matokeo, haikutoka kwa chama wala kwa mgombea. Imetoka kwenye Katiba ya mwaka 1995. Someni kifungu cha 68. Kinasema kura ni ya siri, na sanduku ni moja kwa wagombea wote. Kinasema kura zihesabiwe mara tu upigaji unapokwisha, pale pale kituoni, na mgombea ana haki ya kuwepo yeye au mwakilishi wake. Kisha msimamizi na wawakilishi wanasaini tamko lenye hesabu ya kila mgombea, kila mmoja anabaki na nakala, na matokeo yanatangazwa hapo hapo kabla ya kupelekwa mbele. Huyo mwakilishi ni wewe kijana wangu, uliyeondoka saa nane.

Mnadhani neno "sanduku moja" liliingia Katibani kwa bahati? Mimi nilipiga kura yangu ya kwanza Desemba 1980, nikiwa kijana kama nyinyi. Tangu Aprili 1962 nchi ilikuwa haijafanya uchaguzi mkuu, miaka 18. Wakati huo kila chama kilikuwa na sanduku lake, na sisi tulioingia mle ndani tuliogopa hata mlio wa karatasi ikianguka. Kura zikiwa zinahesabiwa, Paulo Muwanga, mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi iliyotawala wakati huo, akatoa amri kwamba yeye peke yake ndiye wa kutangaza matokeo, na atakayemtangulia atatozwa faini ya nusu milioni au afungwe miaka mitano. Baada ya hapo mnajua. Vita vya msituni vilizuka vikaendelea hadi Januari 1986, na mafuvu ya waliouawa Luwero, eneo la vita hivyo, yalipangwa kando ya barabara. Waliokaa kuandika Katiba walikuwa wameyaona hayo. Walitaka matokeo yazaliwe kijijini, mbele ya macho ya watu, yakiwa na saini zao. Wewe, kwa sahani ya maharage, umewarudishia wakubwa wa namna ya Muwanga kile ambacho Katiba iliwanyang'anya.

Msiniambie mahakama itatusaidia. Mwaka 2001 na 2006 mgombea urais wa upinzani, Kizza Besigye, alikwenda Mahakama ya Juu. Majaji walikubali kwamba sheria haikufuatwa, lakini wengi wao, 3 kwa 2 na baadaye 4 kwa 3, wakasema haikuthibitishwa kwamba kasoro hizo ziliathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Mtu anaweza kubishana na hukumu hiyo, na mimi nabishana nayo hadi leo. Lakini ushahidi huo mnataka utoke wapi, kama si kwenye vituo kama chetu, mfukoni mwa wakala?

Sitawatwika nyinyi peke yenu mzigo huu. Mgombea ananunua maspika makubwa na fulana za rangi, halafu wakala anatafutwa usiku wa kuamkia uchaguzi, hafundishwi, hapewi hata chupa ya maji, anaachwa juani kuanzia saa moja asubuhi. Mwenye njaa hununuliwa kwa bei ya chakula. Fomu yenyewe imeandikwa Kiingereza, ingawa Kiswahili kimetajwa kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu 2005. Na sisi wazee je? Tulipokea sabuni na sukari mbele yenu, tukawaambia ni zawadi. Mlikuwa mnatazama. Hapo nawaomba radhi.

Mengine nayataja tu. Daftari la wapiga kura likibandikwa, nendeni mkaangalie majina yenu. Ndaga muntu, yaani kitambulisho cha taifa, ikipotea, ishughulikieni mapema. Bango la mgombea usiyempenda liacheni. Aliye mstarini saa kumi ikigonga ana haki ya kupiga kura, asifukuzwe. Msikae nyumbani: mwaka 2021 walioandikishwa walizidi milioni 18, waliopiga kura hawakufika milioni 11.

Wewe uliyesaini, sikutaji na sitakutaji. Ulikuwa mtoto mzuri na bado ni mtoto mzuri. Jumapili saa kumi jioni njoo kwangu na wenzako wote mnaofikiria kusimama uwakala tena. Nimechora fomu ile kwenye daftari langu la zamani la mizigo, safu kwa safu: kura halali, zilizoharibika, jumla. Mama yenu atatoa kikapu cha maharage. Tutatumia punje kama kura, mtahesabu mbele yangu kwa sauti, mtaandika kwa tarakimu na kwa maneno, na hakuna atakayesaini kabla punje ya mwisho haijatoka kikapuni. Kalamu njooni nazo.