Mwanangu, Usiukimbize Mkasi kwa Mnoaji

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na nimesoma kwamba mkasi niliokupa umeanza kutafuna kitambaa kwenye ncha badala ya kukikata. Nakuomba usiukimbize kwa mnoaji, kwa maana huenda tatizo si makali.

Ufunge, uuinue mbele ya mwanga na uutazame kwa ubavu. Utaona upenyo mwembamba katikati ya mabapa mawili, ingawa ncha zimegusana. Upenyo huo si kasoro: mabapa yamepindwa kidogo makusudi, ili unapokata yagusane mahali pamoja tu, na mahali hapo pasogee kutoka kwenye skrubu hadi nchani. Skrubu ikilegea, mabapa huachana, nacho kitambaa hujikunja katikati yake.

Kwa hiyo anza na skrubu. Shika pete moja ya kutia vidole, fungua mkasi wote, kisha uliachie bapa la pili. Likianguka hadi mwisho, skrubu imelegea. Lisiposhuka kabisa, imekazwa mno. Linapaswa kushuka taratibu na kusimama njiani. Zungusha bisibisi kidogo sana, halafu ujaribu ncha kwenye kitambaa chepesi kama hariri.

Kila umalizapo kazi, futa mabapa kwa kitambaa kikavu, ukianzia mgongoni kuelekea kwenye makali ili usijikate, na uondoe vumbi la nyuzi linalojificha penye kiungo, kwa kuwa hunyonya unyevu na kuleta kutu. Mara kwa mara tia hapo tone moja la mafuta ya cherehani, ufungue na kufunga mkasi, kisha ukate vipande vya kutupa kabla hujagusa kitambaa cha mteja.

Karatasi uikatie mkasi mwingine. Karatasi nyingi huchanganywa na madini kama chokaa na udongo mweupe, nayo hula makali. Pini ni mbaya zaidi, kwani ukiikata mara moja tu huacha pengo ambalo utalisikia likikwama kila unapofunga mkasi.

Kuna jambo ambalo sijawahi kukueleza. Nilipokuwa mwanafunzi wa ushonaji, nilichukua tupa nikaunoa mkasi wa bibi yako upande wa ndani, ule ulio bapa, nikiamini kwamba nausaidia. Niliuharibu ule mgusano wenyewe, na tangu siku hiyo haukukata tena vizuri. Bado naumia nikiukumbuka.

Ikiwa umekaza skrubu na kusafisha kiungo lakini mkasi bado unatafuna, basi mpelekee mnoaji anayeijua mikasi ya kitambaa, umwambie anoe mteremko wa nje peke yake, yaani ule mshazari wa makali ulio upande wa nje wa bapa, kwa pembe ileile mkasi uliyotengenezwa nayo. Beba kipande cha hariri, ukikate kwa ncha mbele yake kabla hujamlipa.

Mama yako akupendaye