Mnaotuuliza kama masika mje Lushoto au msije, someni hapa kabla ya kubuku

Ikishafika mwezi wa tatu wasapu ya koteji yetu ya wageni hapa Lushoto inajaa swali moja tu, "huko mvua inanyesha?" Jamani, inanyesha. Mji wa Lushoto wenyewe uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Machi mpaka Mei milima ya Usambara inalowa kweli kweli, kuna siku inaanza alfajiri inakwenda mpaka usiku na ukungu unawafuata mpaka barazani. Hatuwezi kuficha hilo eti mtu alipe advansi halafu akifika anuniane na mke wake siku nzima. Bei ya masika tumeishusha kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo mvua peke yake haiwi sababu ya kurudishiwa hela. Barabara ikifungwa hiyo ni habari nyingine, hapo tunawasogezea tarehe bila kuongeza hata shilingi.

Ila kama safari yako ni ya kuona ndugu, mimi nakwambia njoo masika. Wageni wetu wengi ni watoto wa Kisambaa waliokulia Dar au Tanga, wengine wanatokea nje kabisa, wanakuja na familia kumuona bibi, sasa nyumba ya bibi haiwatoshi wote, ndio wanalala kwenye koteji yetu na kushinda kule kijijini. Kiangazi unafika saa nne unaambiwa bibi yuko shamba, mjomba kapeleka karoti sokoni, unabaki na watoto wa jirani wanakuangalia simu. Masika nako watu wanalima, sikatai, lakini mvua ikishika hakuna anayetoka, wote wako jikoni wamezunguka moto, mahindi yanachomwa, na hapo ndio unasikia habari za ukoo ambazo kwenye simu hakuna mtu wa kukupa. Na ukitaka kuaga mapema utaambiwa "mwanangu, na mvua hii unaenda wapi?" ndio basi tena, mnakula na cha usiku.

Angalia tu siku. Soko la Lushoto linachangamka zaidi Alhamisi na Jumapili, na hata kukiwa na matope kina mama wanashuka na mizigo yao, ukipanga kwenda kumsalimia shangazi siku hiyo utakuta kufuli. Mkono mtupu pia hapana. Sukari, mafuta ya kula, sabuni, na kama mmepitia Tanga samaki wakavu wanapokelewa vizuri sana huku milimani. Halafu kwenye buti ya gari acheni nafasi maana mtarudishiwa maharage, maparachichi na ndizi mpaka mshangae, na kukataa ni kumtia mtu aibu.

Sasa kutembea. Watu wa mjini mnakuja na raba nyeupe! Udongo wa huku ni mwekundu, ukilowa unanata kwenye soli, hatua kumi tu umekuwa mrefu na unateleza kama umevaa sabuni. Mabuti ya mpira tunayo ya kuazima, namba za watu wazima zipo za kutosha, za watoto chache, kwa hiyo tutumieni namba za miguu mapema. Fimbo tunakata wenyewe. Viatu vikilowa msiviweke kando ya moto, gundi inaachia na soli inabaki mkononi, wewe toa soksi, jaza magazeti ndani, viache barazani visipofika maji, badilisha magazeti kabla ya kulala. Magazeti ya zamani tunaweka kwenye kikapu karibu na mlango, hayo ndio kazi yake, msidhani ni uchafu.

Wapi pa kwenda inategemea mbingu siku hiyo. Irente kila mtu anataka kwa sababu ya picha, ule ukingo wa mlima ambao ukisimama unaona Mazinde na mashamba ya mkonge chini kabisa na nyika ya Wamasai inapotelea mbali. Siku ya ukungu huoni kitu, huoni hata vidole vyako vya miguu, ndio maana huwa tunawaambia subirini asubuhi mpaka saa tatu au nne, mara nyingi panafunguka kidogo, japo garantii hatutoi. Pasipofunguka hamjapoteza safari, njiani kuna lile shamba la Irente la kanisa la Kilutheri, wanatengeneza jibini, mikate na jamu, mnakaa mnakula mkisubiri.

Msitu wa Magamba ndio napenda mimi wakati wa mvua, yani kule hata manyunyu hayakusumbui sana kwa sababu miti inakupunguzia. Ni hifadhi ya serikali iko chini ya TFS, yaani wakala wa serikali wa misitu, kiingilio kinalipwa na mnakwenda na mtu wa kuwaongoza, msijipenyeze kwa njia za panya. Mbega mnaweza kuwaona wamejikunyata juu ya matawi, manyoya yamelowa, hawana haraka na mtu. Vinyonga nao wapo wengi huku, usiku ukipita na tochi kwenye vichaka vya kando ya njia unawaona weupe weupe wamelala kwenye ncha za matawi. Watoto wanapenda hiyo kuliko Irente, ila mwambieni bibi mapema maana wazee wengi hawataki kabisa kusikia habari za kinyonga, msimletee nyumbani kwake tafadhali.

Kijiji cha Mtae, kule ukingoni mwa milima, msiende kama mvua imekaza. Najua picha zake mmeziona. Ni mbali na mkishaacha lami ni matope na kona, gari dogo halifai, na sisi hatuna gari la kuja kuwavuta.

Kuhusu barabara ya kupanda, kutoka Mombo, mji ulio chini ya mlima, mpaka Lushoto ni lami kama kilomita 33 lakini ni kona tupu na upande mmoja ni jabali, mvua kubwa ikinyesha mawe na udongo vinashuka. Pandeni mchana. Basi la kutoka Dar likichelewa mkajikuta Mombo giza limeingia na mvua inanyesha, laleni gesti pale Mombo, usiku huo hatuwachaji, kuliko dereva mgeni kupambana na zile kona za chini ya Soni, mji mdogo wa njiani, haoni mbele.

Ndani ya nyumba kuna sehemu ya kuota moto, na kuni za jioni ziko kwenye bei. Ni miwati na mikaratusi iliyokaa bandani muda mrefu, msiokote kuni za nje, zimelowa, zitajaza moshi sebule nzima na mapazia yatanuka wiki. Umeme ukikatika kuna sola, lakini siku tatu za mawingu sola nayo inachoka, inabaki ya taa na simu, sio pasi, sio heta, sio kukausha nywele. Maji ya bomba mvua kubwa yakija na rangi ya chai msiogope, ni udongo, ya kunywa tunachemsha na kuchuja tunawawekea kwenye ndoo yenye bomba.

Wa usiku mmoja masika mimi nawakatisha tamaa kabisa, hela yenu mtaiona imeliwa na mvua. Kaeni usiku tatu au nne ili ikipatikana nusu siku kavu mtembee na zile za mvua mkae na ndugu. Kama mnataka jua, njooni Januari, mvua za vuli zimepungua na plamu zipo sokoni.

Mkifika Mombo pigeni simu kwanza kabla hamjaanza kupanda, tutawaambia barabara ikoje saa hiyo. Na wenye mtoto mchanga semeni wakati wa kubuku, kitanda cha mtoto tunacho kimoja tu.