Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: chanjo ya rota ianze mtoto akizaliwa

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto huku Pwani. Tangu Julai 2014, mtoto akitimiza wiki sita tunamtilia mdomoni chanjo ya rota, virusi vinavyoleta kuhara kwa watoto, na tena katika wiki zinazofuata. Watoto wanaolazwa kwa kuhara wamepungua, hilo halina ubishi. Ila bado naletewa mtoto utosi umebonyea, macho yamezama, ukimfinya ngozi ya tumbo inakawia kurudi: ameishiwa maji kwa kuhara. Nafungua kijitabu chake, tarehe zote za rota zimo. Mama anauliza, "Si alichanjwa?" (Nyanya yake ameshaamua kwamba ni meno yanaota.)

Alichanjwa. Lakini chanjo hizi za matone, ambazo Ulaya huzuia kuhara kukali kunakoletwa na rota kwa zaidi ya asilimia 85, moja yao ilipojaribiwa Ghana, Kenya na Mali, kinga iliyoonekana katika matokeo yaliyochapishwa 2010 ilikuwa kama asilimia 39. Kina mama wasiache kuja: kuhara kumejaa hapa, hata hiyo 39 inaokoa watoto wengi. Kuhusu sababu ya chanjo kupungua nguvu huku, wataalamu wanataja kingamwili ambazo mtoto hupata kwa mama, utapiamlo, na matumbo yaliyokwisha kuvamiwa na vijidudu vingine.

Virusi vya rota vilitambuliwa Melbourne mwaka 1973 na Ruth Bishop na wenzake. Baadaye watafiti wa huko huko waliona watoto wachanga walioambukizwa aina fulani ya virusi hivyo bila kuugua. Kutokana na aina hiyo wakatengeneza chanjo ambayo dozi ya kwanza hutolewa ndani ya siku tano za kuzaliwa. Indonesia, watoto walioanza hivyo walikingwa kwa asilimia 75 hadi umri wa miezi 18. Malawi nayo imeijaribu.

Sisi tunangoja nini? KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, ipo, Kilifi na Kisumu, na wanayajua majaribio ya chanjo. Mtoto aliyezaliwa hospitalini hupewa BCG (chanjo ya kifua kikuu) na ya polio; tone jingine hapo halimgharimu mama nauli.

Naomba bajeti ijayo iwe na fungu la pesa zetu wenyewe, si za wafadhili peke yao, KEMRI iipime chanjo hii kwa watoto wa Kenya. Na kiasi chake kitajwe hadharani.

Wako mtiifu,
Muuguzi, Kilifi