Anayemchukua mtoto si mgeni

Mhariri,

Juzi nilihudhuria semina ya kijijini kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu. Ukutani lilitundikwa bango la mwanamume mwenye miwani ya jua akimvuta mtoto kuelekea kwenye gari. Mwezeshaji alitusomea kwamba watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi za kulazimishwa mwaka 2021, kwa makadirio ya Shirika la Kazi Duniani. Alisoma kwa lugha ambayo wazee wa mbele waliifuata kwa kubahatisha. Alipokaribisha maswali, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama: "Na kama anayekuja kumchukua ni shangazi yake?"

Watu wakacheka. Mwezeshaji akasema muda umekwisha, tusaini mahudhurio.

Yule mama ndiye aliyeijua mada. Anayewatoa mabinti vijijini mara nyingi ni jirani, au binamu aliyerudi amenawiri. Haburuzi mtu. Anaahidi shule, anatoa nauli, anamwachia mzazi chochote. Binti akifika, nauli ile inageuka deni, mshahara unakatwa kulilipa, na deni haliishi.

Nilimfuata nje, tukaandika maswali nyuma ya ratiba ya semina. Anakwenda nyumba ya nani hasa? Namba ya simu ya mwenye nyumba iko wapi, si ya dalali? Kitambulisho chake atakishika nani? Akitaka kurudi wiki ya pili, atarudije? Tukaongeza neno moja la kawaida la kupanga na binti, ambalo akilitaja kwenye simu nyumbani watajua kuna mtu amesimama karibu anamsikiliza. Hayo yote yalichukua dakika kumi, bila bango.

Kuna jambo jingine ambalo halikugusiwa. Itifaki ya Palermo ya Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2000, yaani mkataba dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, inasema kwamba kwa aliye chini ya miaka 18 si lazima kuwe na vitisho wala hila ili tendo lihesabiwe kuwa usafirishaji haramu. Kumchukua ili anyonywe kunatosha. Kwa hiyo "alikubali mwenyewe" si utetezi. Wazazi wengi hunyamaza kwa kudhani kwamba kwa kuwa waliruhusu, nao watashtakiwa au hawana tena haki ya kulalamika. Mtu akiwaeleza hilo kwa lugha ya nyumbani, wengi watafungua mdomo.

Wala tusiseme habari za safari tu. Binti anayepigwa au kuingiliwa na mtu wa nyumbani hatauliza swali lolote kati ya hayo; mlango wowote ukifunguka, atatoka. Semina inayoogopa kugusa yanayotendeka ndani ya nyumba imeacha nusu ya kazi.

Naomba waandaaji warudi. Waje bila mtu wa miwani, wakae na akina mama peke yao kwanza, na waanze na swali la shangazi.

Msomaji wako