Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mkataba Utangulie Maabara

Ndugu wanachama,

Ada, uanachama na vikao vya kawaida vimekwenda vizuri, na mweka hazina atavieleza. Mimi naomba nizungumzie jambo lililochukua sehemu kubwa ya mwaka wetu: mikataba ya utafiti kati ya maabara za serikali na kampuni binafsi.

Faida zake ni kubwa. Mwaka 1997 Intel, kampuni inayotengeneza chipu za kompyuta, na wenzake waliingia ubia wa kutafiti njia mpya ya kuchapa chipu na maabara za taifa za Marekani, zikiwemo Sandia na Lawrence Livermore. Kampuni zilitoa fedha, maabara zikatoa wataalamu na mitambo, na msingi uliowekwa pale ndio unaotumika leo kuchapa chipu za kisasa kabisa.

Lakini mfano tulioujadili kwa muda mrefu zaidi ni dawa ya Taxol. Kiini chake kiligunduliwa kwenye magome ya mti, kwa fedha za walipa kodi wa Marekani. Mwaka 1991 Taasisi ya Taifa ya Saratani ilitia saini mkataba na kampuni ya dawa ya Bristol-Myers Squibb, na Desemba 1992 dawa ikaidhinishwa kutibu saratani ya ovari. Wagonjwa walinufaika, tena upesi. Ila wakaguzi wa Bunge la nchi hiyo walipotoa ripoti mwaka 2003, hesabu zilikuwa hivi: taasisi za afya za serikali zilitumia dola milioni 484 kwenye utafiti wa dawa hiyo, kampuni iliuza ya dola bilioni 9, na mrabaha, yaani sehemu ya mauzo anayolipwa mwenye haki ya ugunduzi, uliorudi serikalini ulikuwa dola milioni 35. Nasema wazi kwamba mgawo huo haukuwa wa haki, na mahali pa kuuzuia palikuwa mezani, kabla ya saini.

Kwa hiyo kamati imeandaa rasimu ya mkataba wa mfano. Inataka kila upande uorodheshe hataza (haki za kisheria za uvumbuzi) na maarifa uliyokuja nayo, na kurasa za daftari la maabara zitiwe tarehe na saini ya shahidi siku ileile. Muda wa kampuni kupitia makala kabla ya kuchapishwa utajwe kwa siku. Mwenzetu mmoja makala yake imekwama kwa sababu mkataba wake ulisema tu “muda unaofaa”.

Kifungu cha mrabaha bado kinabishaniwa. Naombeni msome rasimu, mlete maoni kwa maandishi, na tukipigie kura kwenye mkutano mkuu.