Kuhusu laptop yako ya GB 4 na mashine pepe

Moshi

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Moshi, ambako mvua zinanyesha nasi tu wazima. Nimesikitika kusoma kwamba kila ukiwasha mashine pepe ya Linux (yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta) kwa programu ya VirtualBox, laptop yako inakwama kiasi kwamba hata kishale cha mausi hakisogei. Nakusihi usiende kwanza kutafuta nyingine madukani hapo Arusha mjini, kwa maana hiyo uliyonayo inatosha kabisa kujifunzia kazi za seva.

Shida kubwa iko kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Umeipa mashine pepe GB 3 kati ya 4, ilhali Windows 10 yenyewe, ile ya biti 64, inahitaji GB 2 kwa uchache. Ikibakiziwa GB 1 inalazimika kuhamishia data kwenye diski kuu (hard disk) kila mara, nayo ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM. Ile taa ya diski isiyozimika ndiyo dalili yenyewe. Ipunguze mashine pepe hadi MB 1024, uiachie prosesa moja tu, kisha uweke upya Debian, ile aina ya Linux. Ukifika mahali pa kuchagua programu, ondoa alama kwenye mazingira ya picha, ubakize seva ya SSH (ya kukuwezesha kuingia kwa amri za maandishi kutoka kompyuta nyingine) na zana za kawaida za mfumo. Madirisha na mapambo ya Linux ndiyo yanayokula RAM, na anayejifunza seva hayahitaji. Katika mipangilio ya mtandao wa NAT (ambamo mashine pepe hupitia mtandao wa Windows), elekeza poti, yaani mlango wa mtandao, namba 2222 ya Windows kwenye poti 22 ya Debian, halafu uingie kwa amri ya ssh ukiwa kwenye Windows.

Jambo la pili ni kuhakikisha kwamba VT-x (uwezo wa prosesa za Intel wa kuendesha mashine pepe) imewashwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Tazama pia chini ya dirisha la mashine pepe: ukiona alama ya kobe wa kijani, ujue VirtualBox inapitia kwa Hyper-V, mfumo wa Windows wenyewe wa kuendesha mashine pepe, na hapo kasi hushuka sana. Zima Hyper-V, na ikibidi uzime pia ulinzi wa Windows uitwao Memory Integrity, kisha uwashe kompyuta upya. Huo wa mwisho ni kinga ya kweli dhidi ya programu hasidi, kwa hiyo mimi ningeurudisha kila nimalizapo mazoezi.

Snapshot za zamani (picha za hali ya mashine pepe ulizohifadhi) zifute, maana zikirundikana usomaji wa diski hulemewa. Ukipata fedha kidogo, anza na SSD, diski ya kasi zaidi, kabla ya kitu kingine chochote, kisha umwombe fundi akuangalizie kama kuna nafasi ya kuongeza RAM.

Baada ya hayo, washa mashine pepe mara moja, unitumie faili la VBox.log lililomo kwenye folda ya Logs, ili nione kama bado inapitia kwa Hyper-V. Wasalimie wote nyumbani.

Wako katika urafiki.